Kuchanganya Fani Mezani: Uchambuzi wa Kanuni Zilizomwadhibu Asiyelengwa

Kundi na mchezo wao

Kisa hiki kinahusu meza moja ya Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza hadithi kwa kanuni na dadu) yenye wachezaji watano na mwongozaji mmoja anayeendesha hadithi, watu wazima wanaofahamiana kwa muda mrefu na wanaocheza kwa Kiswahili huku wakitumia vitabu vya Kiingereza. Majina, mji na sehemu za hadithi yao nimeviondoa au kuvibadilisha, na wote sita wameisoma taarifa hii wakairidhia. Mwongozaji aliniita wakati ugomvi umeshakolea, akanikabidhi daftari lake la vikao pamoja na karatasi za wahusika, ili nimsaidie kuona kanuni alizoziweka zilikwama wapi. Ninayoyaeleza yanatoka katika daftari hilo, karatasi hizo, na mazungumzo niliyofanya na kila mchezaji peke yake.

Kampeni yao ilikuwa ya toleo la tano, kwa kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014. Wahusika walikuwa paladini (shujaa wa kiapo kitakatifu), mpiganaji, kasisi, mwizi na malenga, na wote walianzia ngazi ya 1. Hadithi ilikuwa ya visiwa: jahazi moja, bandari nyingi, na kundi la maharamia lililokuwa likiwatangulia kila walikokwenda.

Fani ndiyo kazi ya mhusika, na ngazi ndiyo kipimo cha alikofikia katika kazi hiyo. Kuchanganya fani ni pale mchezaji, badala ya kupanda ngazi inayofuata katika fani aliyoanza nayo, anachukua ngazi ya kwanza ya fani nyingine. Kitabu cha 2014 kinaiweka kanuni hii kuwa ya hiari, kwa hiyo ni mwongozaji anayeamua kama itatumika mezani kwake. Mwongozaji huyu aliikubali siku ya kwanza, bila kuongeza sharti lolote juu ya yale ya kitabu.

Bei iliyomo tayari kitabuni

Masharti ya kitabu ni mepesi kuyasoma na ni rahisi kuyapuuza. Mhusika anatakiwa awe na alama 13 katika uwezo mkuu wa fani anayotoka na wa ile anayoingia. Paladini, kwa mfano, anahitaji 13 za Nguvu na 13 za Haiba. Nyongeza ya umahiri, yaani namba inayoongezwa kwenye dadu kwa mambo anayoyamudu mhusika, hufuata jumla ya ngazi zote, kwa hiyo anayechanganya hapotezi kitu hapo. Mambo mazito zaidi, hata hivyo, hufuata ngazi za fani moja moja. Mpiganaji na paladini hupata Shambulio la Ziada katika ngazi ya 5 ya fani yao, na nafasi ya kuongeza alama za uwezo huja katika ngazi ya 4, 8, 12, 16 na 19 za fani ileile. Mwenye ngazi 4 za upiganaji na 2 za fani ya uchawi ni mhusika wa ngazi ya 6, lakini bado anapiga mara moja tu kwa zamu, na uchawi wake ni wa daraja la kwanza, ilhali kasisi wa ngazi ya 6 aliyekaa naye meza moja anatumia uchawi wa daraja la tatu.

Kuchelewa huko ndiko bei ya kuchanganya fani. Ipo kabla mwongozaji hajaandika kanuni hata moja, na haiwi sawa kwa kila mchanganyiko. Kisa chote kinazunguka hapo.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mpiganaji ndiye aliyeanza. Katika mabaki ya jahazi lililozama alikuta kitabu cha uchawi kilichofungwa kwa nta, na mchezaji wake, ambaye ndiye mwenye subira kuliko wote mezani, akaamua kwamba mhusika wake angejifunza kukisoma usiku kwa taa ya mafuta wakati wa zamu za ulinzi. Alifikia ngazi ya 4 ya upiganaji, kisha akachukua ngazi mbili za uchawi. Hakuna aliyenung'unika. Malenga alimtungia hata wimbo.

Paladini alisubiri hadi ngazi ya 5 ya fani yake, akapata Shambulio la Ziada, halafu kwa ngazi ya 6 akachukua ngazi moja ya woloki (mwenye uchawi wa mapatano) wa tawi la Hexblade, lililotoka katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017. Tawi hilo, katika ngazi yake ya kwanza, humruhusu mtu kupiga kwa silaha akitumia Haiba badala ya Nguvu. Humpa pia laana anayoweza kumwekea adui mmoja: kila pigo juu ya adui huyo huongezewa nyongeza ya umahiri, na 19 kwenye dadu ya pande 20 huhesabiwa kuwa pigo kuu kama 20.

Kikao kilichowasha moto kilikuwa cha mapambano na nahodha wa maharamia, ambaye mwongozaji alimpa alama 70 za uhai akitarajia apigane kwa mizunguko minne au mitano. Mwizi alitangulia, akamchoma kwa upanga mwembamba na kumpunguzia 19. Kisha ikaja zamu ya paladini. Aliweka laana, akarusha dadu, ikatua kwenye 19. Kwa kanuni za 2014, paladini huamua kutumia Pigo Takatifu, yaani kuchoma nafasi moja ya kufanya uchawi ili kuongeza madhara ya silaha, baada ya kuona kwamba shambulio limefika, naye akatumia nafasi ya uchawi ya daraja la pili, yenye dadu tatu za pande 8. Pigo kuu hurudia dadu zote: sita za Pigo Takatifu, mbili za upanga, juu yake 4 za Haiba na 3 za laana. Wastani wake ni 43. Shambulio la pili likafika pia, akatumia nafasi ya pili na ya mwisho ya daraja hilo, na nahodha akaanguka kabla mpiganaji na malenga hawajafikiwa na zamu zao.

Mchezaji wa mwizi aliweka penseli chini akasema, “Kaka, sisi wengine tumekuja kutazama?” Paladini alijibu kwamba hakuvunja kanuni yoyote, na alisema kweli. Kikao kiliisha mapema.

Kanuni tatu za mwongozaji

Kabla ya kikao kilichofuata mwongozaji alituma kanuni tatu. Ya kwanza ilitaka kila anayeingia fani mpya awe na mwalimu ndani ya hadithi na atumie wiki nne za mafunzo. Ya pili ilikata asilimia 10 ya alama za uzoefu, zile zinazompandisha mtu ngazi, za kila mwenye fani zaidi ya moja. Ya tatu ilimzuia mtu kurudi kwenye fani ya awali hadi awe na ngazi tatu za fani mpya, ili kukomesha tabia ya kuchovya ngazi moja na kuondoka. Zote zilihusu pia wahusika waliokwisha kuchanganya.

Sababu zake zilieleweka. Hakutaka kumlenga mtu mmoja, akaona ni haki kuandika kanuni ya wote. Kwa makato ya uzoefu aliegemea historia ya mchezo wenyewe, na historia hiyo kweli imejaa masharti. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliwaachia wasio binadamu kuendesha fani mbili au tatu kwa pamoja wakigawanya uzoefu baina yake, wakati binadamu aliyetaka kubadili fani alihitaji alama 15 katika uwezo mkuu wa fani ya zamani na 17 katika ule wa mpya. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilifungua mlango kwa wote lakini likakata asilimia 20 ya uzoefu kwa kila aliyeachia ngazi za fani zake zipishane kwa zaidi ya moja, ukiacha fani pendwa ya jamii yake. Toleo la nne, mwaka 2008, liliyaacha makato hayo, likageuza uchanganyaji kuwa vipaji vya kununua. Mwongozaji alichukua dawa ya mwaka 2000 akaipunguza nusu, akiamini amekuwa mpole.

Kanuni zilivyofanya kazi

Sharti la mwalimu lilimpita paladini bila kumgusa. Alisema aliyemfundisha ni roho iliyomo ndani ya upanga wake, na kwa kuwa woloki kwa asili yake hupata nguvu kwa mapatano na kiumbe wa namna hiyo, mwongozaji hakuwa na la kujibu. Mpiganaji, aliyekuwa amejifunza peke yake kwa taa ya mafuta, ndiye aliyeambiwa atafute mwalimu kwa ngazi alizokuwa nazo tayari. Hadithi nzuri kuliko zote za kampeni hiyo iligeuzwa kuwa upungufu wa nyaraka.

Makato yalifanya hesabu ileile kwa wote wawili, na ubaya wake ulikuwa papo hapo. Kutoka ngazi ya 6 hadi ya 7 ni safari ya alama 14,000 hadi 23,000. Wenzao walipokusanya 9,000 zinazohitajika, wao walikuwa na 8,100, wakabaki nyuma kwa 900, ambazo ni takriban kikao kimoja. Kwa paladini kikao hicho kilikuwa usumbufu mdogo, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa zimekamilika. Kwa mpiganaji kilikuwa kikao kingine cha kupiga mara moja, wastani wa 7 au 8, kando ya mwizi anayetoa 19.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyonishangaza nilipoifuata kwa kalamu. Mpiganaji alikuwa amepanga kurudi upiganaji ngazi ya 7 ili apate Shambulio la Ziada. Sasa alilazimika kuchukua ngazi ya tatu ya uchawi kwanza, na shambulio hilo likasogea hadi ngazi ya 8. Paladini alilazimika kuendelea na uwoloki hadi ngazi ya tatu, na hapo woloki ana nafasi mbili za uchawi za daraja la pili zinazorudi kwa kila pumziko fupi. Nafasi hizo zinaweza kulisha Pigo Takatifu. Kanuni iliyoandikwa ili kumzuia ilikuwa inamsukuma kwenda kuchukua mapigo mengine mawili ya dadu tatu, tena yanayorudi baada ya saa moja ya kupumzika. Mchezaji wake aliliona hilo siku ileile kanuni zilipotoka, akanyamaza.

Mpiganaji naye alinyamaza, kwa sababu tofauti. Aliniambia kwamba alifikiri kumuua mhusika wake ili aanze na mwingine wa fani moja.

Mazungumzo na marekebisho

Swali nililoliweka mbele ya mwongozaji lilikuwa moja: katika daftari lake, kundi lilipigana mara ngapi kati ya pumziko refu moja (la usiku, linalorudisha nafasi za uchawi) na jingine? Jibu lilikuwa mara moja, kwa nadra mara mbili. Mwongozo wa mwongozaji wa toleo la 2014 unakadiria kwamba kundi linaweza kumudu mapambano sita hadi nane ya kiasi au magumu kwa siku, yakiwa na mapumziko mafupi mawili hivi. Hakuna anayelazimika kufikia idadi hiyo, na kwa meza zinazopenda mazungumzo kuliko mapanga ni kubwa mno. Ila fani zote zimepimwa kwa siku ndefu. Siku ikiwa na pambano moja tu, mwenye nafasi za uchawi anazimwaga zote kwa zamu moja bila hasara, kwa kuwa zitarudi asubuhi. Mwizi, ambaye nguvu yake ni ileile asubuhi hadi jioni, anaonekana dhaifu asivyostahili.

Paladini angefanya vilevile bila uwoloki. Pale kwenye jahazi la nahodha, dadu sita kati ya nane za pigo lile zilitokana na Pigo Takatifu, ambalo ni la paladini halisi tangu ngazi ya 2. Uwoloki ulileta 3 za laana, ukaigeuza 19 kuwa pigo kuu. Mchango huo ni wa maana, lakini ulibebeshwa lawama ya pigo zima.

Kulikuwa na upande mwingine ambao hakuna mezani aliyeutaja. Paladini wa ngazi ya 6 hupata Ulinzi unaomzunguka: yeye na kila mwenzake aliye ndani ya futi 10 huongeza Haiba ya paladini katika marusho yote ya kujiokoa, yaani dadu za kuepuka madhara. Kwa huyu ingekuwa 4. Kwa kuchukua uwoloki ngazi hiyo, aliwanyima wenzake nyongeza ambayo ni miongoni mwa bora kabisa katika toleo hilo. Bei ilikuwa imelipwa, na kundi zima lililipa pamoja naye, ila hasara ya namna hiyo haionekani mezani kama unavyoonekana mkono wa dadu nane ukimwagwa.

Tulikaa wote saba. Kanuni tatu zilifutwa, na alama za uzoefu zilizokatwa zikarudishwa kwa wenyewe. Badala yake yalikubaliwa mambo manne. Anayekusudia kuchanganya fani atalisema ngazi moja kabla, si kwa kuomba ruhusa bali ili mwongozaji apate muda wa kulipanda jambo hilo katika hadithi. Pigo Takatifu litatumika mara moja tu kwa zamu, kwa kila paladini, awe amechanganya au la. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kimefika mahali hapohapo kwa kuligeuza pigo hilo kuwa uchawi unaotumia kitendo cha ziada, huku kikimwachia woloki wa ngazi ya kwanza njia ya kupiga kwa Haiba. Pumziko refu litapatikana tu katika bandari ambayo wenyeji wamewapokea. La nne lilikuwa kwamba nafasi za kuongeza alama za uwezo zifuate jumla ya ngazi badala ya ngazi za fani, isipokuwa zile za ziada walizo nazo mpiganaji na mwizi peke yao.

Matokeo

Mpiganaji alirudi upiganaji katika ngazi ya 7, akapata Shambulio la Ziada, na mawazo ya kumuua mhusika wake yakaisha. Paladini naye alirudi kwenye fani yake na kuupata ule Ulinzi. Katika kikao kimoja kilichofuata kundi lilitishwa na kiumbe wa baharini aliyewataka wote wajiokoe kwa Busara dhidi ya 15. Mwizi, ambaye hana chochote katika Busara, alirusha 11. Akaanza kuusogeza mhusika wake nyuma kwenye ramani, paladini akamwambia ahesabu upya kwa kuwa walikuwa bega kwa bega. Ikawa 15 kamili. Mwongozaji aliandika tukio hilo daftarini na kulipigia mstari, nami nadhani alikuwa sahihi, kwa maana ndipo mwizi alipoona kwa mara ya kwanza paladini anampa kitu.

Kanuni ya bandari ilileta mgogoro wake. Siku zilirefuka hadi mapambano matatu au manne, na paladini akaanza kuhesabu nafasi zake kama ilivyotakiwa. Lakini kasisi aliishia kutumia takriban uchawi wake wote kuponya, na mchezaji wake akalalamika kwamba amegeuzwa sanduku la dawa. Malenga, ambaye katika ngazi ya 5 na kuendelea hurudishiwa nafasi za kuwatia wenzake moyo kwa pumziko fupi, hakuumia.

Uchambuzi

Mwongozaji alikuwa na nia ya haki, na alikosea chombo. Alikuwa na malalamiko kuhusu pigo moja katika pambano moja, akaandika kanuni kuhusu mlango wa kuingilia fani. Kanuni ya mlango humpata kila anayepita, na miongoni mwa wanaochanganya fani walio wengi ni kama mpiganaji wetu: wanafuata hadithi, na tayari wamelipa kwa kuchelewa. Mchezaji anayechanganya kwa hesabu amechagua ngazi yake ya kuhama kwa uangalifu, baada ya kupata Shambulio la Ziada na si kabla. Kila ada ya jumla atailipa kwa urahisi kuliko mwenzake. Nimeliona hilo katika kila moja ya kanuni tatu, na sioni namna ya kuziandika upya zikaacha kuwa hivyo.

Sharti la kisimulizi lina kasoro ya peke yake. Linaonekana pole na la kisanii, ila linampima mchezaji kwa ufasaha wake wa kujieleza. Paladini alikuwa na jibu tayari kwa sababu ni mwepesi wa maneno. Kumtaka mtu atangulize taarifa, kama walivyofanya baadaye, kunaihamisha kazi hiyo kwenda kwa mwongozaji, ambaye ndiye mwenye zana za kuifanya.

Kuzirudisha kanuni nyuma kuliharibu zaidi ya kanuni zenyewe. Mchezaji aliyepanga miezi mingi kwa masharti yaliyotangazwa ana haki ya kumaliza kwa masharti hayo, au apewe nafasi ya kumjenga upya mhusika wake bila gharama. Hakuna aliyepewa nafasi hiyo mezani hapa, na ukimya wa wachezaji wawili katika vikao vile ulitokana zaidi na hilo.

Kwa upande wa yaliyofaa, kizuizi cha pigo moja kwa zamu kilifanya kazi kwa sababu kiligusa kiungo chenyewe kilichoelemea, tena bila kuuliza mhusika ana fani ngapi. Siku ndefu zilifanya kazi zaidi, hata ingawa zilimchosha kasisi. Ningemshauri mwongozaji aziache, ila awape wahusika dawa za kuponya za kununua bandarini kwa bei nafuu, ili uponyaji usimwangukie mtu mmoja. Amelikubali kwa majaribio.

Kanuni ya nne ndiyo inayonitia wasiwasi. Kufuatisha nafasi za kuongeza alama na jumla ya ngazi kulimsaidia mpiganaji, aliyefikia ngazi ya 8 akiwa na 5 za upiganaji na 3 za uchawi na ambaye kwa kitabu asingekuwa na nafasi ya pili. Lakini kulimsaidia paladini vilevile, aliyeipata nafasi hiyo ngazi moja kabla ya wakati wake, na kwa jumla kunaondoa sehemu kubwa ya bei ambayo kitabu kilikuwa kinatoza. Mchezaji wa mwizi amekwisha kusema kwamba sasa hana sababu ya kubaki na fani moja, na ametoa taarifa kwamba katika ngazi ya 9 ataingia upiganaji. Mwongozaji ameanza kuutayarisha uwanja wa mafunzo katika kisiwa kinachofuata, na wamekubaliana kwamba kanuni hiyo ya nne itajadiliwa upya wote wakiwapo, kabla mwizi hajafika ngazi hiyo.